Karo ya chuo: Kupima dhiki badala ya ukoo si kazi nyepesi Mombasa

KILA mwaka baada ya matokeo ya mtihani wa kidato cha nne kutangazwa na nafasi za vyuo kugawanywa, familia nyingi kisiwani Mombasa hukabiliwa na swali moja: karo itatoka wapi?

Nyuma ya swali hilo kuna jingine kongwe zaidi. Ni nani anayestahili kusaidiwa, na atapimwa kwa kigezo gani? Je, ni asili yake, dini yake na kabila lake, au ni dhiki iliyomo nyumbani kwao?

Tangu mwaka wa 2023, serikali ya Kenya imekuwa ikijaribu kulijibu swali hilo kwa kutumia kipimo cha uwezo wa familia. Mwanafunzi hujaza fomu kwenye mtandao, habari zake hupimwa, kisha hutengewa kundi kulingana na hali ya wazazi wake. Kwa maandishi, fomu haimsaidii mtu kwa kuwa ni Mswahili, Mwarabu, Mmijikenda, Mhindi, Mluo au Mkamba. Humsaidia kwa kuwa hana.

Hata hivyo, Mombasa ni mji ambao kwa zaidi ya nusu karne elimu yake iligawanywa kwa asili na dini, na ambao umaskini wake mara nyingi hauonekani kwa mpita njia. Kwa sababu hiyo, historia ya kisiwa hiki hueleza vizuri kuliko mahali pengi kwa nini kipimo cha dhiki kinatamanika, na pia kwa nini ni kigumu kukitekeleza kwa haki.

Shule ziligawanywa kwa rangi

Chini ya utawala wa Waingereza, elimu ya Kenya iliendeshwa kwa mafungu. Wazungu walikuwa na shule zao, Waasia zao na Waafrika zao. Katika Pwani kulikuwa na fungu la nne, la Waarabu.

Mombasa ilikuwa na mifano ya wazi. Shule ya serikali ya Waarabu ilifunguliwa mwaka wa 1912. Watoto wa Kihindi walisoma katika shule kama Allidina Visram, iliyojengwa kwa fedha za familia ya mfanyabiashara mashuhuri wa jina hilo. Waafrika Wakristo walitegemea zaidi shule za wamishenari.

Mpango huo haukuwa wa majina tu. Fungu alilowekwa mtu ndilo lililoamua shule atakayoingia, msaada atakaopata na hata kodi atakayolipa. Sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka wa 1910 iliwahesabu Waswahili kuwa wenyeji, ilhali Waarabu waliwekwa katika daraja jingine la juu. Jambo hilo liliwaudhi sana Waswahili wa Thenashara Taifa, ambao waliishi mitaa ileile, wakaswali misikiti ileile na kuoana na Waarabu wa Mji wa Kale.

Matokeo yake yalikuwa miaka mingi ya mivutano kuhusu nasaba. Watu walitafuta ushahidi wa ukoo kwa sababu ukoo ulikuwa na thamani. Aliyeweza kuthibitisha kuwa ni Mwarabu alifunguliwa mlango, na aliyeshindwa alibaki nje, hata kama wote wawili walikuwa watoto wa wavuvi wenye ufukara mmoja. Baadaye, mwaka wa 1952, Thenashara Taifa walihesabiwa pamoja na Waarabu kwa ajili ya upigaji kura, lakini tayari vizazi kadhaa vilikuwa vimepita.

Hilo ndilo somo la kwanza la Mombasa. Msaada unapotolewa kwa asili, watu hushindania asili. Hawaulizani tena nani ana njaa, bali babu wa nani alitoka wapi.

Taasisi ya MIME

Hatua kubwa ya elimu ya juu ya ufundi kisiwani ilikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka wa 1948 ilianzishwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi kama MIME. Waasisi wake wakuu walikuwa Aga Khan na gavana wa Kenya wa wakati huo, Sir Philip Mitchell. Fedha zilitoka kwa Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya Uingereza. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka wa 1951.

MIME ilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja ilivunja ukuta wa rangi, kwa kuwa iliwapokea Waislamu wa Afrika Mashariki bila kujali kama ni Waarabu, Waafrika, Wahindi au Wasomali. Kwa upande mwingine ilijenga ukuta wa dini. Kijana wa Kimijikenda au wa Kitaita ambaye si Mwislamu hakuhesabiwa, hata akiwa maskini zaidi ya wote waliomo darasani.

Ni haki kueleza kwa nini taasisi hiyo ilibuniwa hivyo. Waislamu wa Pwani walikuwa wamebaki nyuma katika elimu ya kisasa, kwa sehemu kwa sababu shule nyingi zilikuwa za wamishenari na wazazi waliogopa watoto wao kubadilishwa dini. Pengo hilo lilikuwa la kweli na lilihitaji dawa. Tatizo ni kwamba dawa hiyo ilitolewa kwa kundi zima, tajiri na maskini wake pamoja, huku maskini wa makundi mengine wakiachwa.

Bahati ya kuonwa

Kulikuwa na njia nyingine ya kupata ufadhili enzi hizo, nayo ni bahati ya kuonwa na mkubwa.

Marehemu Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka wa 1933 akiwa mwana wa Kadhi Mkuu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, hakufanya vyema katika mtihani wa Cambridge wa mwaka wa 1949. Hakupata nafasi ya kwenda Makerere. Alifanya kazi katika MIME, na huko ndiko Gavana Mitchell alikomsikia akitoa hotuba na kuvutiwa naye. Baadaye alipata ufadhili wa serikali kwenda kusoma Uingereza, na mwaka wa 1960 akahitimu katika Chuo Kikuu cha Manchester.

Aliyekosa nafasi ya kuwa mwanafunzi Makerere baadaye alikuwa profesa huko. Alipofariki mwaka wa 2014, alizikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba mtihani mmoja hautoshi kukadiria kipawa cha mtu. Lakini kinaonyesha pia udhaifu wa mfumo wa wakati ule. Kwa kila kijana aliyesikika na gavana, walikuwapo wengine ambao hakuna gavana aliyepita mbele yao. Mfumo unaotegemea bahati hauwezi kuitwa wa haki, hata pale unapomchagua mtu anayestahili.

Mlango wafunguliwa

Baada ya uhuru mwaka wa 1963, Tume ya Elimu ya Kenya iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilipendekeza shule ziunganishwe na ubaguzi wa rangi ukomeshwe. Mwaka wa 1966, MIME iligeuzwa kuwa Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa na kufunguliwa kwa watu wa dini zote. Iliendelea kukua ikawa Mombasa Polytechnic katika miaka ya 1970, chuo kikuu kishiriki mwaka wa 2007, na hatimaye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM) mwaka wa 2013. Chuo hicho kingali pale Tudor.

Kuondoka kwa ukuta wa rangi, hata hivyo, hakukumaanisha kwamba kila mmoja angeweza kuingia. Mahali pa rangi palichukuliwa na karo.

Mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu ulianzishwa katika miaka ya 1970. Kwa muda mrefu wanafunzi walilipiwa karibu kila kitu na hata kupewa pesa za matumizi. Mzigo ulipozidi, serikali iliwataka wazazi kuchangia gharama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka wa 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Kazi yake ilikuwa kuwakopesha wasiojiweza na kukusanya madeni ili fedha ziwafae wengine.

Mwanafunzi aliyeingia chuo kikuu cha umma kwa udhamini wa serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, na iliyosalia ikatoka kwa hazina ya umma. Kiwango hicho kilikuwa kimoja kwa wote. Mtoto wa mchukuzi wa Marikiti na mtoto wa mkurugenzi wa kampuni anayeishi Nyali walilipa sawa.

Kuanzia mwaka wa 2003 zikaja pia fedha za basari za maeneobunge, na baada ya ugatuzi wa mwaka wa 2013 zikaongezeka za kaunti. Fomu zake zilihitaji sahihi ya chifu na ya imamu au mchungaji. Kwa hivyo, mzigo wa kuthibitisha ufukara uliwekwa mikononi mwa watu wanaomjua mwombaji. Hilo lina faida kwa kuwa jirani hujua nyumba ipi haikutia chungu mekoni. Lakini lina hatari pia, kwa sababu anayejulikana huenda akapendelewa, na aliyehamia mtaani juzi akakosa wa kumsemea.

Makundi matano

Mnamo Mei 2023, Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa kufadhili vyuo. Chini yake, vyuo vikuu haviletewi tena fungu moja kwa kila mwanafunzi. Badala yake, kila mwanafunzi hupewa ufadhili usiolipwa, mkopo wa HELB na kiasi ambacho familia itajazia. Uzito wa kila sehemu hutegemea uwezo wa familia.

Mwaka wa 2024 makundi yalipangwa kuwa matano. Kundi la kwanza lilikuwa la familia zenye mapato yasiyozidi Sh5,995 kwa mwezi. Lilipata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na familia ililipa asilimia 5. Kundi la pili, la mapato ya hadi Sh23,670, lilipata ufadhili wa asilimia 60 na mkopo wa asilimia 30, na familia ililipa asilimia 10.

Kundi la tatu, la hadi Sh70,000, lilipata ufadhili wa asilimia 50, na familia ililipa asilimia 20. Kundi la nne, la hadi Sh120,000, lilipata asilimia 40 na kulipa asilimia 30. Kundi la tano, la mapato yaliyozidi hapo, lilipata asilimia 30 na kulipa asilimia 40. Katika makundi hayo matatu ya mwisho, mkopo wa karo ulikuwa asilimia 30. Kando na hayo, kila kundi lilitengewa mkopo wa matumizi, kuanzia Sh60,000 kwa mwaka kwa kundi la kwanza hadi Sh40,000 kwa la tano.

Hesabu inaonyesha uzito wa jambo hili. Chukua kozi inayogharimu Sh200,000 kwa mwaka. Kwa viwango hivyo vya mwaka wa 2024, familia ya kundi la kwanza ingelipa Sh10,000. Ya kundi la pili ingelipa Sh20,000, ya tatu Sh40,000, ya nne Sh60,000 na ya tano Sh80,000.

Familia ya kundi la kwanza iliyowekwa kimakosa katika kundi la nne ingedaiwa Sh50,000 zaidi kila mwaka. Kwa miaka minne hizo ni Sh200,000. Kwa mama anayepika mahamri na viazi karai kando ya barabara ya Kibokoni, kosa hilo la fomu ndilo linaloamua kama binti atakwenda chuoni au atabaki nyumbani.

Nyumba njema si mlango

Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika Mji wa Kale methali hiyo ina maana ya wazi kabisa.

Mgeni anayepita vichochoro vya Mji wa Kale huona milango ya mbao iliyochongwa, roshani na kuta nene za mawe. Anaweza kudhani kuwa waliomo ndani ni matajiri. Mara nyingi nyumba hiyo ni ya urithi, inamilikiwa na ndugu na binamu wengi kwa pamoja, au ni ya wakfu isiyoweza kuuzwa. Aidha, mtaa huo ni eneo la hifadhi, hivyo mwenye nyumba hawezi kuibomoa wala kuibadilisha apendavyo. Anayo mali, lakini mali hiyo haimpi shilingi ya karo.

Majengo kuna hali nyingine ya kipekee. Wapo wanaomiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyojengwa juu yake. Hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, na hati ya kiwanja hicho hawanayo, hivyo hawawezi kuiweka rehani benki. Swali la fomu kwamba familia inamiliki nyumba au la, linaweza kujibiwa ndiyo na la kwa wakati mmoja, na majibu yote mawili yakawa kweli.

Vilevile kuna suala la mapato. Mwalimu au karani ana hati ya mshahara inayoonyesha kila senti. Mvuvi, mwongoza watalii, fundi cherehani na mchukuzi wa bandarini hawana. Mapato yao hupanda na kushuka kulingana na kusi na kaskazi, msimu wa watalii na wingi wa mizigo. Mwezi mmoja wanaweza kuwa katika kundi la pili, na mwezi unaofuata wakashuka hadi la kwanza.

Shule aliyosoma mtoto pia huweza kupotosha. Mtoto aliyesoma shule ya kibinafsi huenda akaonekana wa familia yenye uwezo. Lakini Mombasa kuna watoto waliolipiwa na msikiti, na wafadhili au na mjomba aliyeko Uarabuni. Mjomba huyo akipoteza kazi, msaada hukatika, ingawa jina la shule linabaki kwenye cheti.

Kuna pia wanaoonekana kuwa maskini ilhali si maskini. Mfanyabiashara asiyeweka hesabu zake wazi anaweza kutangaza mapato madogo kuliko mwalimu ambaye mshahara wake unajulikana na serikali. Kipimo kinachotegemea maneno ya mwombaji humwadhibu msema kweli.

Hatimaye kuna suala la riba. Mkopo wa HELB kwa kawaida hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa baadhi ya Waislamu, riba ni haramu, nao huamua kuukosa mkopo kuliko kuichukua. Fomu haiulizi dini, lakini familia mbili zenye umaskini sawa hutoka na msaada usio sawa kwa sababu sehemu ya msaada huo moja haiwezi kuigusa. Kanuni inaweza kutotaja kundi lolote na bado ikaliangukia kundi moja kwa uzito zaidi.

Je, asili imeondoka kabisa?

Wanaotetea kipimo cha dhiki peke yake husema kwamba kinaondoa ukabila. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila, dini na asili ya kijamii. Lakini kifungu hichohicho kinaitaka serikali kuchukua hatua za kurekebisha madhara ya ubaguzi uliopita, na kifungu cha 56 kinataja mipango maalumu kwa jamii za walio wachache na waliotengwa. Katiba haikuchagua moja. Ilitaka yote mawili.

Ndiyo sababu hali ya kutoka eneo lililotengwa imo miongoni mwa mambo yanayozingatiwa katika kupima waombaji, pamoja na ulemavu, jinsia, ukubwa wa familia, hali ya wazazi na aina ya kozi.

Hapo ndipo Mombasa hujikuta mahali pagumu. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotoa orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotengwa mwaka wa 2013, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zilikuwamo. Kati ya kaunti sita za Pwani, ni Mombasa pekee iliyoachwa nje, kwa kuwa ina bandari, viwanda na hoteli. Lakini utajiri wa bandari si utajiri wa kila anayeishi karibu nayo. Maskini wa Bondeni hakutajirika kwa sababu meli imetia nanga Kilindini.

Tume hiyo ilibadilisha njia yake baadaye. Katika sera ya pili ya mwaka wa 2018 iliacha kuhesabu kaunti nzima na kutazama maeneo madogo, ikabaini maeneo 1,424 yaliyotengwa katika kaunti 34. Mabadiliko hayo yanafundisha jambo. Kadiri kipimo kinavyosogea karibu na mlango wa mtu, ndivyo kinavyomkosa mara chache zaidi.

Asili pia hurudi kwa mlango wa nyuma kupitia kitambulisho. Kwa miaka mingi, vijana wenye asili ya Kisomali, Kinubi na Kiarabu walisailiwa kwa ukali zaidi walipoomba vitambulisho, na wengine walingoja miezi au miaka. Mnamo Februari 2025 Rais Ruto alitangaza huko Wajir kukomeshwa kwa usaili wa ziada kwa jamii za mipakani. Jambo hili linagusa ufadhili moja kwa moja, kwa kuwa kijana aliyefikisha miaka 18 asiyekuwa na kitambulisho hukwama anapoomba mkopo. Kipimo cha dhiki hakina maana kwa mtu asiyeruhusiwa kufika kwenye mizani.

Yanayotokea kwingineko

Kenya haiko peke yake katika mjadala huu. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua Juni 29, 2023 kwamba vyuo haviwezi kuzingatia rangi katika kuwachagua wanafunzi jinsi vilivyokuwa vikifanya. Kesi hiyo ilihusu nafasi za kuingia chuoni, lakini baada yake baadhi ya vyuo vilianza kupitia upya ufadhili uliotolewa kwa rangi, na wengi wakapendekeza umaskini uwe kigezo.

Brazil ilichagua njia ya kuchanganya. Sheria ya mwaka wa 2012 ilitenga nusu ya nafasi katika vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma shule za umma. Nusu ya hizo ikawa ya familia zenye kipato cha chini, na ndani ya nafasi hizo zote za shule za umma rangi ikazingatiwa kulingana na idadi ya watu wa kila jimbo. Kwa hivyo dhiki hutazamwa kwanza, kisha asili.

India nayo, iliyokuwa imetenga nafasi kwa misingi ya tabaka la kuzaliwa kwa miongo mingi, iliongeza mwaka wa 2019 asilimia 10 kwa maskini ambao hawakuwa katika matabaka hayo. Mahakama yake ya Juu iliidhinisha hatua hiyo mwaka wa 2022.

Tanzania, ambayo bodi yake ya mikopo ilianza kazi mwaka wa 2005, imekuwa ikiwapa kipaumbele yatima, walemavu na watoto wa kaya maskini zilizoandikishwa katika mpango wa TASAF. Faida ya njia hiyo ni kwamba ufukara wa kaya huwa umehakikishwa nyumbani na kijijini kabla mtoto hajafikia umri wa kuomba mkopo.

Mahakamani na mbele ya safari

Mfumo wa Kenya ulizua malalamishi makubwa mwaka wa 2024, wanafunzi wengi wakidai wamewekwa katika makundi yasiyo yao. Rais aliunda kamati ya kuuchunguza. Mnamo Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba na ulikuwa wa kibaguzi, katika kesi iliyowasilishwa na Tume ya Haki za Kibinadamu nchini (KHRC) na wenzake. Mwaka wa 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na mfumo ukaendelea kutumika.

Wengine walishangaa jinsi kipimo kilichokusudiwa kuleta usawa kilivyoweza kuitwa cha kibaguzi. Lakini waliofuatilia historia ya Mombasa hawana sababu ya kushangaa. Kumgawa mtu katika kundi ni jambo zito, liwe ni kundi la asili au la mapato. Afisa wa mkoloni aliyeamua nani ni Mwarabu na kompyuta inayoamua nani ni maskini hufanana kwa jambo moja: mwenye kugawiwa akikosewa, ndiye anayebeba hasara.

Tofauti yao ni kubwa, lakini haitoshi kuwa katika nia peke yake. Ukoo haubadiliki, na mtu hawezi kukata rufaa dhidi ya babu yake. Hali ya maisha hubadilika, na kosa lake linaweza kusahihishwa. Kipimo cha dhiki kinakuwa cha haki zaidi kuliko cha asili ikiwa tu kinatoa nafasi hiyo ya kusahihishwa, mapema na bila gharama.

Hilo linahitaji mambo kadhaa. Mwombaji aelezwe kwa nini amewekwa katika kundi alilowekwa. Rufaa yake iamuliwe kabla ya siku ya kuripoti chuoni, si baada ya muhula kwisha. Mapato ya kazi za vibarua yapimwe kwa mwaka mzima badala ya mwezi mmoja. Nyumba ya urithi au ya wakfu isihesabiwe kama fedha taslimu. Na njia ipatikane kwa wale ambao imani yao haiwaruhusu kulipa riba.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mfumo ulipoanza kutumika uliwapa wanafunzi nafasi ya kuomba kupimwa upya, na rufaa huwa na nguvu inapoambatana na karatasi: cheti cha kifo cha mzazi, barua ya kusimamishwa kazi, hati za hospitali, risiti za karo za ndugu wengine. Katika familia nyingi za kisiwani karatasi hizo hazitunzwi, na vifo vingine havikuandikishwa kamwe. Anayesubiri mpaka barua ya chuo ifike ndipo aanze kuzitafuta, huenda akachelewa.

MIME ilipojengwa, kijana aliulizwa kwanza dini yake. Leo, katika chuo kilekile cha Tudor, anaulizwa familia yake inapata kiasi gani. Swali la pili ni bora kuliko la kwanza. Lakini ubora wake utajulikana kwa jinsi jibu linavyosikizwa, hasa linapotoka kwa mtoto wa nyumba ambayo mlango wake ni mzuri na chungu chake ni kitupu.